Kuuza baiskeli ya mbio ya kaboni iliyotumika: mwongozo kamili, kuanzia tochi hadi risiti

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wahenga hawakuwahi kuuza baiskeli ya kaboni Nairobi. Yangu ya kwanza ilikaa ukutani miezi minne, safi, imehudumiwa vizuri, bei ya haki, na simu zilizoingia zilikuwa za watu waliotaka kunipa simu iliyotumika na elfu ishirini juu yake. Ya pili ilikuwa na mkwaruzo wa urefu wa kiganja ubavuni, na iliondoka kwa siku tisa. Tangazo la kwanza lilikuwa limejaa sifa. La pili nililianza na ule mkwaruzo, picha yake ikiwa karibu kiasi kwamba ungehesabu vumbi lililoingia ndani.

Mtu anayetoa laki mbili au zaidi kwa baiskeli iliyotumika ana hofu mbili: kwamba fremu imepasuka mahali pasipoonekana, na kwamba baiskeli imeibwa. Ukimwacha azitafute mwenyewe, atazipata hata mahali zisipokuwepo, na kila atakachodhani amekigundua kitageuka punguzo la bei. Ukimtangulia, mazungumzo yanabaki kuwa ya pesa tu. Nawe una hofu zako mbili: mtu anayesema "nijaribu kidogo tu" asirudi, na ujumbe wa malipo usio na pesa nyuma yake. Hatua zinazofuata zinahusu hofu hizo nne.

Mifano yangu ni ya shilingi za Kenya na M-Pesa. Aliye Dar, Kampala au Kigali abadilishe fedha na mtandao. Chuma, kaboni na tabia za wanunuzi ni zile zile.

Hatua ya 1: Ikague kama vile wewe ndiye unayeinunua

Ioshe kwanza. Maji, sabuni ya vyombo, brashi laini, na kitambaa kikavu baadaye. Cheni na kaseti (seti ya meno ya gurudumu la nyuma) unaweza kuzisugua kwa mafuta ya taa kama wafanyavyo mafundi wengi, lakini kama baiskeli ina breki za diski, toa magurudumu kwanza na uyaweke mbali. Tone moja la mafuta kwenye diski au pedi, na breki zitapiga kelele na kukosa nguvu siku mnunuzi anapojaribu. Usipulizie dawa yoyote ya kung'arisha karibu na diski. Na usielekeze maji ya kasi kwenye beringi za kati (pale mikono ya pedali inapozungukia) au za shingo. Yanaondoa grisi na kuacha maji ndani.

Ikishakauka, chukua tochi na ukae chini. Usikimbilie hatua hii, maana ndiyo inayobeba bei yote.

Fremu ya kaboni haipindi kama ya chuma. Hupasuka, na ufa unaweza kujificha chini ya rangi. Anza chini ya bomba la chini, mahali mawe yanaporuka kutoka tairi la mbele. Kisha maungio ya beringi za kati, mabomba mawili yanayokwenda nyuma karibu na kaseti, na sehemu inayobana nguzo ya kiti, ambapo bolti iliyokazwa kupita kiasi huvunja kaboni polepole. Angalia bomba la juu pia: ukianguka, usukani huzunguka na kulipiga mahali hapo hapo kila mara. Mwisho, legeza shingo ya usukani na utazame bomba la foki (uma unaoshika gurudumu la mbele) lililo ndani yake. Watu wachache hulitazama, na likikatika ukiwa kwenye mteremko, hakuna breki itakayokusaidia.

Ukiona mstari, pitisha ukucha juu yake. Mkwaruzo wa rangi huwa laini. Ufa hushika ukucha, au rangi yake imeinuka kidogo pembeni. Kisha chukua sarafu na ugonge taratibu ukipita eneo hilo. Kaboni nzima hutoa mlio mkavu unaofanana kutoka pointi moja hadi nyingine, na iliyoachana ndani hutoa mlio mzito, kama kugonga ubao uliooza. Mlio hubadilika pia pale unene wa bomba unapobadilika, kwa hiyo linganisha upande wa kushoto na wa kulia mahali pale pale kabla ya kujitia hofu.

Ukipata ufa wa kweli, usiiuze baiskeli nzima. Uza magurudumu, gia na kiti kimoja kimoja, au itengenezwe na mtu anayejua kazi ya kaboni kisha useme wazi kwamba imetengenezwa. Atakayeteremka mteremko wa Mai Mahiu juu ya foki yako ni mtoto wa mtu.

Sasa vitu vinavyochakaa:

Cheni. Huhitaji kifaa maalumu, rula ya chuma inatosha. Vuta cheni ikaze na upime kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya pini ya 25. Cheni mpya ni milimita 304.8. Ikifika karibu 306.3 imerefuka kwa nusu ya asilimia, na kwa gia 11 au 12 za nyuma wakati wa kuibadilisha umefika. Ikifika 307 na zaidi, kaseti nayo imeshaanza kuliwa, na cheni mpya juu yake itaruka meno.

Diski. Za Shimano, kampuni ya vipuri vya baiskeli, huwa na unene wa milimita 1.8 zikiwa mpya na mwisho wake ni 1.5, kipimo hicho kimeandikwa kwenye diski yenyewe.

Rimu. Kama breki zinabana rimu, tafuta kijishimo kidogo au mtaro uliochorwa kwenye ukuta wa breki. Ukiwa umefutika, rimu imekwisha. Rimu za kaboni ziguse kwa kidole ukitafuta mahali palipovimba kwa joto la breki.

Beringi za shingo. Shika breki ya mbele na usukume baiskeli mbele na nyuma. Ukisikia "tok", kuna kulegea.

Kuna jambo moja ambalo wauzaji wengi huku kwetu hawalijui. Mwezi Septemba 2023 Shimano ilitangaza ukaguzi wa kranki zake (mikono inayoshika pedali) za gia 11 za Ultegra na Dura-Ace zilizotengenezwa kabla ya Julai 2019, kwa sababu vipande viwili vilivyogundishwa vinaweza kuachana na kranki kuvunjika. Marekani peke yake zilikuwa takriban 680,000. Modeli zenyewe ni FC-6800, FC-R8000, FC-9000, FC-R9100 na FC-R9100-P. Kama baiskeli yako ina mojawapo, geuza kranki uangalie nyuma ya mkono wake: kuna herufi mbili zinazoonyesha ilitengenezwa lini. Tafuta maungio yanayoachana au mlio wa kukwaruza unapokanyaga kwa nguvu. Ipeleke kwa fundi anayeijua habari hii akague, kisha andika tarehe ya ukaguzi. Mnunuzi aliyesoma kidogo atakuuliza swali hili, na asiyesoma atafurahi kwamba umemwambia.

Kipi utengeneze na kipi uache? Badilisha cheni, pedi za breki na tepu ya usukani. Vitu hivyo vitatu havigharimu sana, na ndivyo mtu anavyovishika na kuvisikia dakika ya kwanza. Usinunue tairi mpya za bei ghali. Hazitarudi kwenye bei. Na tafadhali usipake rangi upya. Baiskeli ya kaboni yenye rangi mpya ni kama gari lililopakwa rangi mlango mmoja: kila mtu atajiuliza kulikuwa na nini chini yake.

Hatua ya 2: Kusanya karatasi

Risiti ya dukani, au hati za forodha kama ilikuja na meli au kwenye mzigo wako kutoka nje. Risiti za fundi. Picha za zamani ukiwa juu yake. Namba ya fremu, ambayo kwa kawaida ipo chini, kwenye maungio ya beringi za kati. Ipige picha lakini usiiweke hadharani.

Karatasi hizi zinaiondoa ile hofu ya pili. Kenya, kupokea mali ya wizi ni kosa chini ya kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu, na mnunuzi makini hataki kusimama mbele ya askari akieleza alivyoipata baiskeli kwenye maegesho. Kama uliinunua kwa mtu mwingine na huna risiti ya kwanza, sema hivyo, na uonyeshe mliyoandikiana na huyo mtu. Kampuni nyingi za baiskeli hutoa dhamana ya fremu kwa mmiliki wa kwanza tu, kwa hiyo usimwahidi mnunuzi dhamana isiyoweza kumfuata.

Hatua ya 3: Vua kinachouzwa peke yake

Kompyuta ya safari, taa, mfuko wa kiti, pedali za kubana viatu: toa vyote. Kama uliongeza magurudumu ya kaboni na bado una yale ya awali, rudisha ya awali na uuze ya kaboni kivyake. Kipimo cha nguvu za kukanyaga vivyo hivyo. Nilijifunza hili kwa uchungu: niliuza baiskeli ikiwa na magurudumu ya laki moja, na mnunuzi hakuongeza hata elfu ishirini kwa ajili yake. Kwake magurudumu yalikuwa duara mbili zinazozunguka.

Kama gia ni za umeme, ondoa vifaa kwenye akaunti yako ya simu. Kwa Shimano, rudisha namba ya siri ya programu ya E-TUBE iwe 000000 kama ilivyotoka kiwandani, la sivyo mmiliki mpya atakupigia usiku akitaka namba ambayo hata wewe umeisahau. Chaja iende na baiskeli. Usiipoteze, maana kuipata tena si rahisi.

Hatua ya 4: Bei

Hapa watu hukosea kwa kuanza na bei waliyonunulia. Mnunuzi haijui bei hiyo na haimhusu. Yeye ana njia nyingine mbili: kununua mpya, au kuagiza iliyotumika kutoka Ulaya. Kwa hiyo tafuta mambo mawili. La kwanza, baiskeli mpya ya daraja lile lile ikifika Nairobi inagharimu kiasi gani leo. La pili, iliyotumika kama yako inauzwa ngapi nje, kisha ongeza usafirishaji, ushuru na VAT ya asilimia 16. Hiyo ya pili ndiyo dari yako. Ukiipita, mwenye hela atakuwa anaagiza huku akisubiri upunguze.

Chini ya dari, kanuni yangu mwenyewe ni hii: baiskeli ya mwaka mmoja naihesabu kwa theluthi mbili za bei ya mpya, ya miaka mitatu kwa nusu, ya miaka mitano na kuendelea kwa theluthi. Yenye breki za rimu naipunguza zaidi, kwa sababu wengi sasa wanataka diski. Saizi nazo zina neno: 54 na 56 hupata watu haraka, 61 utamsubiri mwenyewe azaliwe, akue.

Mfano: mpya ya daraja lile ni 620,000, na yako ni ya 2019. Theluthi ni kama 205,000. Tangaza 225,000, tarajia 205,000, na bei ya chini kabisa, tuseme 190,000, iandike mahali na usimwambie mtu. Ukiisema mara moja hata kwa rafiki, wiki haitaisha kabla haijamfikia mnunuzi.

Wakati nao una bei yake. Januari ni mwezi wa karo. Hata mwenye mshahara mzuri hugeuka mwanafalsafa. Machi hadi Mei ni mvua ndefu na watu hawapandi baiskeli. Mimi hupenda Juni hadi Septemba, au wiki mbili kabla ya Krismasi. Na tangu mashindano ya dunia yalipofika Kigali Septemba 2025, mara ya kwanza kufanyika Afrika, nimeanza kupata maswali kutoka kwa watu ambao miaka miwili iliyopita walidhani baiskeli ya mbio ni ya Wazungu wa mtaa wa Karen.

Hatua ya 5: Picha

Asubuhi au jioni, kivulini, ukuta mtupu. Upande wa cheni uelekee kamera, cheni iwe kwenye duara kubwa la mbele na duara dogo la nyuma, mkono wa kranki ulingane na bomba la nyuma. Wapenzi wa baiskeli hulitazama hilo kama mama mkwe anavyotazama sufuria. Piga picha pia ya kaseti kwa karibu, cheni, vishikio vya breki, pande mbili za rimu, chini ya bomba la chini, na kila kasoro ikiwa na sarafu pembeni kuonyesha ukubwa.

Yasionekane: namba ya fremu, geti lako, namba ya gari, na mandhari yanayoonyesha unapokaa.

Hatua ya 6: Tangazo

Andika kama unamweleza mtu mnayekwenda naye Tigoni Jumapili. Hili lifuatalo limetumika kwa mafanikio, nimebadilisha kidogo tu:

*Baiskeli ya mbio ya kaboni, saizi 54, inauzwa Nairobi. Shimano Ultegra R8000, gia 2x11, breki za diski za haidroliki. Nilinunua mpya dukani 2019, risiti ipo, mimi ndiye mmiliki wa pekee. Imekwenda takriban kilomita 14,000.*

*Kasoro: mkwaruzo wa sentimita 9 bomba la juu upande wa kushoto, ni rangi tu, picha ya 6 na ya 7. Diski ya nyuma ina milimita 1.6, itahitaji kubadilishwa. Kiti kimechanika kidogo pembeni.*

*Nimebadilisha mwezi huu: cheni, pedi, tepu. Kranki imekaguliwa na fundi, naweza kukupa namba yake umuulize.*

*Mimi nina urefu wa sentimita 175 na inanikaa vizuri. Haina pedali. 225,000, mazungumzo ni baada ya kuiona. Sibadilishani.*

"Mazungumzo ni baada ya kuiona" ni maneno matano yatakayokupunguzia nusu ya simu. Na "sibadilishani" itapunguza robo nyingine.

Weka tangazo kwanza kwenye vikundi vya WhatsApp vya waendeshaji, kwa sababu huko watu wanajuana na mwizi ana aibu ya kupita. Kisha Facebook na tovuti ya Jiji kwa kuwafikia walio mbali. Mweleze pia fundi wako. Mafundi wazuri wana foleni ya watu wanaotafuta, na asilimia tano ukimpa mkononi si hasara. Dalali usiyemjua, anayetaka umwachie baiskeli "mteja aje kuiona kwake", mshukuru na ukate simu.

Hatua ya 7: Simu

Ujumbe wa kwanza utakuwa "Bei ya mwisho?" Usikasirike, ni salamu. Mimi hujibu: "Karibu uione, kaka, tutaelewana." Anayetaka kweli atauliza saizi, au kama imewahi kuanguka. Hilo la pili lijibu kwa ukweli mtupu, hata kama umeshaliandika.

Atakuja pia wa "lipa mdogo mdogo". Kama ni mtu unayemjua, kubali kwa sharti moja: baiskeli inabaki kwako hadi shilingi ya mwisho, na mnaandikiana kiasi na tarehe. Asiyejulikana, hapana.

Jihadhari na huyu: hataki kuiona, habishani na bei, yuko nje ya nchi au safarini, na atatuma boda aichukue. Mtu asiyebishana na bei ya baiskeli ya laki mbili ana mpango wa kutoilipa.

Hatua ya 8: Kukutana na kuijaribu

Mchana, mahali penye mlinzi na kamera: maegesho ya duka kubwa, au bora zaidi, kwa fundi wa baiskeli ambaye si wako wala wake. Kama mnunuzi anataka kuja na fundi wake, furahi. Nenda na mtu mmoja. Jaza upepo kabla ya kutoka. Tairi za milimita 25 kwa mtu wa kilo 70 huenda vizuri kwa psi 80 hivi, na tairi laini humfanya mnunuzi ahisi baiskeli ni nzito bila kujua kwa nini. Beba pedali za kawaida, kofia ngumu, na spana ya kurekebisha kiti.

Mwonyeshe kasoro kwanza, kabla hajainama. Kisha mpe tochi na sarafu, mwache agonge. Nyamaza anapokagua. Wauzaji wengi huharibu hapa kwa kusema sana.

Sasa kujaribu. Kanuni ni moja: hakuna anayepanda kabla pesa zote hazijawa mikononi mwako, au mikononi mwa mtu mnayemwamini nyote wawili. Ataona ni kama unamdharau, basi mwambie kwa upole: "Ndugu yangu, si wewe, ni kanuni yangu kwa kila mtu. Ukirudi hujaipenda, pesa zako hizi hapa." Kitambulisho cha taifa hakitoshi. Kitambulisho hubadilishwa kwa malipo madogo. Baiskeli yako haibadilishwi. Rafiki yangu alibaki na kitambulisho kwenye maegesho saa mbili nzima, na kikaonekana baadaye kuwa cha mtu aliyekipoteza kwenye matatu.

Akirudi, muulize anaonaje, na usubiri. Akisema bei ni kubwa, muulize yeye anatoa ngapi. Akitaja kasoro uliyokwisha kuiandika, mkumbushe bila ukali kwamba bei imeshaihesabu. Akitaja ambayo hukuiona, na ni ya kweli, punguza hapo hapo kwa gharama ya kuitengeneza. Nimewahi kupunguza 6,000 kwa spoki mbili zilizolegea. Mnunuzi alikuwa amejiandaa kuniomba 20,000.

Hatua ya 9: Pesa

M-Pesa ina kikomo cha 250,000 kwa muamala mmoja, na akaunti yako haiwezi kushika zaidi ya 500,000. Kwa hiyo baiskeli ya 300,000 ni miamala miwili, na kama una salio kubwa tayari, ondoa kwanza.

Usiamini ujumbe, tazama salio. Ujumbe wa uongo unaweza kufanana na wa kweli hadi kwenye nukta, ila hutoka kwenye namba ya kawaida badala ya jina MPESA. Fungua programu au menyu uone salio lenyewe. "Mtandao unachelewa, ngoja nikimbie kazini" ni wimbo wa zamani. Mngoje pamoja.

Kuna jingine linalowaponza waangalifu. Mtumaji anaweza kuomba muamala urudishwe kwa kupeleka ujumbe wake kwa namba 456 akidai alikosea namba, na pesa zikiwa bado kwenye akaunti yako zinaweza kushikiliwa. Ndiyo sababu mkataba ulioandikwa una maana hata kwa malipo ya simu: unaonyesha hakukosea. Na mtu akikutumia zaidi ya bei halafu akuombe umrudishie ziada haraka kwa namba nyingine, simama hapo hapo.

Kwa kiasi kikubwa napendelea kukutana ndani ya benki. Mnunuzi anaweka pesa taslimu kwenye akaunti yangu kaunta, karani anahesabu na kukagua noti, salio naliona kwenye simu, na baiskeli iko nje na mwenzangu. Hundi sipokei.

Hatua ya 10: Mkataba na kukabidhi

Ukurasa mmoja, nakala mbili: majina yenu na namba za vitambulisho kama mlivyoviona kwa macho, jina la baiskeli, namba ya fremu, bei kwa tarakimu na kwa maneno, njia ya malipo na namba ya muamala, tarehe na saa, orodha ya kasoro zilizotajwa, na sentensi kwamba inauzwa kama ilivyo baada ya mnunuzi kuikagua na kuijaribu. Sahihi zenu na ya shahidi mmoja. Hapo ndipo unamwonyesha namba ya fremu aisome mwenyewe, na kumpa risiti ya awali.

Kama mnunuzi yuko mbali

Eldoret, Kisumu na Mombasa zinafikika kwa mabasi na kampuni za vifurushi. Malipo kwanza, yote, baada ya simu ya video ambayo mnunuzi anakuelekeza wapi pa kumulika. Akiwa nje ya nchi, ya forodha upande wake ni yake, na liandikwe.

Omba boksi tupu dukani. Maduka ya baiskeli huyatupa. Toa pedali, na ukumbuke ya kushoto hufunguka kinyume cha ya kulia. Toa gurudumu la mbele, nguzo ya kiti na usukani, uufunge kando ya fremu. Weka kipande cha mbao au plastiki kati ya miguu ya foki ili isibanwe. Weka pia kadi ngumu kati ya pedi za breki za haidroliki. Mtu akigusa kishikio bila diski, pistoni hutoka na pedi hushikana. Mkono wa gia wa nyuma ufungue kwenye fremu, uufunge kwa kitambaa, uulaze ndani, kwa sababu ndio wa kwanza kupindwa boksi likilaliwa na gunia la viazi. Mabomba yavishe sponji. Punguza upepo nusu. Piga picha kila hatua, na ya mwisho iwe ya boksi lililofungwa likiwa mikononi mwa mpokeaji wa mizigo.

Ondoa tangazo siku hiyo hiyo unapouza, la sivyo utajibu "bado ipo?" hadi mwaka kesho. Mnunuzi akipiga ndani ya wiki ya kwanza akisema baiskeli inalia anapokanyaga, usishtuke: mara nyingi ni nguzo ya kiti iliyowekwa kavu. Mwambie aitoe, aifute, apake uji wa kaboni (carbon paste) badala ya grisi, na akaze kwa nguvu iliyoandikwa pale kwenye bolti, mara nyingi Nm (nyutoni-mita) 5. Ikiendelea kulia, mpe namba ya fundi wako.